Bastola ipi niende nayo darasani? Nusura nichague ya kujionyesha!

WANAWAKE wenzangu mtanisamehe, wiki hii sina habari ya vipodozi wala mapishi. Nina habari ya bastola. Msishtuke, sijaua mtu! Ila nusura nifanye ujinga, na ujinga wenyewe ulikuwa wa kutaka kuonekana hodari mbele za watu.

Wanaonifahamu wanajua niko Houston, jimbo la Texas, na kazi yangu ni kusuka nywele. Saluni yangu ni ndogo, nafunga saa tatu usiku, au saa nne akitokea mteja wa rasta nyembamba za kufika kiunoni. Wengi wanalipa taslimu. Sasa hesabu mwenyewe: mwanamke peke yake, mkoba begani, uwanja wa kuegesha magari giza totoro, na vijana wawili wamekaa ukutani na wala hawasubiri basi. Jirani yangu wa duka la simu alishanyang'anywa kila kitu akiwa anafunga kufuli.

Texas kuwa na bastola si habari. Tangu Septemba 1, 2021, mtu wa miaka 21 na kuendelea ambaye sheria haijamzuia anaweza kutembea nayo bila leseni. Hata sisi wenye ukaazi wa kudumu, hiyo Green Card mnayoisikia, tunaruhusiwa kununua. Aliyekuja kwa viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi, kwa hiyo usije ukashuka kwenye ndege ukakimbilia dukani! Unajaza fomu, jina lako linapitishwa FBI, ukionekana safi unakabidhiwa mzigo wako. Darasa? Hakuna anayekulazimisha. Mtu anatoka pale na chuma kiunoni, hajui hata kinavyofunguliwa.

Mmoja wa hao alikuwa mimi. Baba Junior alininunulia zawadi, rivolva ya Smith & Wesson 642, kadogo, kepesi, hakafiki hata nusu kilo, kanabeba risasi tano. Muuzaji alimwambia hiyo ndiyo ya kike. Nikaitumbukiza mkobani pamoja na vitana na poda, nikaizoea mpaka nikasahau kama ipo. Hapo kwenye kusahau pashikeni, tutaparudia.

Ndipo nikajiandikisha darasa la kujihami kwa bastola, siku mbili, mwalimu mama mmoja wa makamo, polisi mstaafu. Alinipa karatasi ya vitu vya kuja navyo: risasi 300, magazini tatu, miwani, vya kuziba masikio, kofia, shati lisilo wazi shingoni (maganda ya risasi yanatoka ya moto, nitawaambia), mkanda imara, na ala ngumu ya kuvaa kiunoni inayofunika triga yote. Chini kabisa, kwa herufi kubwa: BASTOLA YA MKOBANI HAIRUHUSIWI.

Nikapiga hesabu. Risasi 300 kwa rivolva ya tano tano ni kujaza mara 60, unachomeka moja moja kwenye matundu kama mtu anapanda mahindi. Mwenye magazini ya risasi 15 anajaza mara 20 tu. Nikajiona nilivyobaki nyuma, darasa zima linanisubiri. Aibu iliyoje!

Wiki moja kabla nikaenda kwenye uwanja wa shabaha wanakokodisha silaha. Nilianza na ya Baba Junior, ile ya .45 aliyoibuni John Browning, jeshi la Marekani likaipokea mwaka 1911. Inapita kilo moja. Kuikoki tu ilinishinda, nikavuta mpaka jasho, kijana wa pale akanisaidia huku anaficha kicheko. Nikairudisha.

Ya pili ikawa ka-rivolva kangu. Jamani, wepesi niliokuwa nausifia ndio ulionitesa! Bastola nyepesi haina uzito wa kumeza teke, teke lote linakuja kiganjani. Na triga yake nzito na ndefu, unavuta, unavuta, mpaka mtutu wenyewe umeshahama. Umbali wa mita saba, risasi tano, mbili tu zilipata sahani ya karatasi. Baada ya kufyatua ishirini mkono ulikuwa unawaka.

Ndipo nikakodi Glock 19. Milimita 9, risasi 15, mikono yangu ikaikoki bila kelele. Nikapiga zote, zote zikaingia kwenye sahani. We acha tu! Nilitembea kama mcheza sinema. Nikasema hii ndiyo ya kwenda nayo, nitaikodi siku mbili, nitawaonyesha Wamarekani hao.

Nikampigia mwalimu kumuuliza kama ya kukodi inakubalika. Akasema inakubalika, wapo wanaokodi kwa sababu hawajanunua yao. Kisha akaniuliza, darasa likiisha, Jumatatu saa tatu usiku unafunga saluni, utakuwa na ipi? Nikamjibu, ile ndogo. Akanyamaza kidogo, akasema basi nitakuwa nimemlipa hela nyingi anifundishe bastola ya watu.

Akauliza tena, hiyo ndogo inakaa wapi? Mkobani. Nyumbani kuna nani? Mtoto wa miaka mitatu. Hapo sauti ikabadilika. Akanikumbusha kisa cha Desemba 30, 2014, huko Hayden, jimbo la Idaho. Mama mmoja kaenda dukani na watoto, bastola iko kwenye mfuko wake maalumu ndani ya mkoba. Mwanawe wa miaka miwili akaingiza mkono, akaifyatua. Mama akafa papo hapo dukani.

Sikuweza kujibu. Junior wangu mkoba ule ni shamba lake, kila nikirudi anachimba humo akitafuta pipi. Wiki hiyohiyo alikuwa ametoka na poda yangu, kajipaka uso mzima, nikampiga picha nikacheka!

Basi swali langu lote likageuka. Nilikuwa nauliza ipi itanifanya nipige vizuri darasani, kumbe la kuuliza ni ipi nitakaa nayo mwilini kutwa nzima, nimeinamia vichwa vya watu, na bado niweze kuipiga. Na hapo kuna jambo ambalo wanaume wa dukani hawalijui: sisi tunavaa magauni na madira. Mkanda uko wapi? Ikabidi ninunue suruali za jinzi na mkanda mgumu. Mama yangu Tanga akiniona ataanguka.

Kimbembe kikawa kwa Baba Junior. Kuuza zawadi ya mume! Alinuna siku mbili, anarudia kwamba ya kike ndiyo hiyo. Sikubishana. Nikampeleka uwanjani nikamwambia apige risasi kumi. Alipiga tano, akatazama kiganja chake, akaniuliza duka linafungwa saa ngapi. Tukaitoa, tukaongeza fedha, tukarudi na Glock 19 iliyokwishatumika.

Darasani sikuwa nyota. Ganda la moto lilinidumbukia shingoni nikaruka kama chura, na kuichomoa kwenye ala bila kujichanganya kulinichukua asubuhi nzima. Bwana mmoja alikuja na kabastola ka mfukoni, siku ya pili vidole vyake vilikuwa vimefungwa plasta. Mwalimu mwenyewe saa mbili za kwanza hakugusa bastola, alizungumzia taa, milango na muda wa kufunga. Siku hizi nafunga saa mbili kasoro, na mwenzangu wa duka la simu tunatoka pamoja.

Usiku inalala kwenye kisanduku cha chuma cha namba za siri, kimefungwa kwa skrubu kabatini. Juzi nilipoingia tu, Junior kauvamia mkoba kama kawaida yake. Akatoka na kitana na pipi mbili za mnanaa. Nikamwachia zote.