Pipa la Kukaushia Samaki kwa Moshi

Samaki mbichi hangoji kesho. Aliyekaushwa vizuri kwa moshi humpa mama muuzaji muda wa kufika sokoni. Kikundi kinaweza kuanza na pipa moja la chuma la lita 200.

Kwanza ulizeni pipa lilibeba nini. La mafuta ya kula linafaa. La dawa za mashamba lisinunuliwe, hata likiwa rahisi. Lililobeba petroli likikatwa kwa moto linaweza kulipuka na kumwua fundi.

Fundi aondoe mfuniko, akate mlango wa kuni chini, kisha apitishe nondo za kushikilia wavu juu. Wavu wenye zinki usitumike, kwani ukipata moto mkali hutoa moshi wenye sumu. Kabla ya kuanza kazi, washeni moto mkali ndani mpaka rangi yote iungue, kisha pipa lisuguliwe na kuoshwa.

Tumieni kuni ngumu zilizokauka, kama za mpera. Samaki wapasuliwe, waoshwe, watiwe chumvi na kuchujwa maji. Moto uwe mdogo: moshi mzito mweusi huacha kemikali zinazoweza kuleta saratani.