Mtoto Akoromaye na Meno Yake

Katika nyumba zetu za Mji wa Kale, mtoto akoromapo husemwa kuwa amelala fofofo. Watu wazima hucheka, humfunika shuka, wakarudisha mlango. Twaona ipo haja ya kuusikiliza mkoromo huo kwa sikio jingine, hasa kwa mama ambaye mwanawe anapigishwa mswaki kila siku na bado meno yanaoza.

Pua huichuja hewa, huipasha joto na kuitia unyevu. Mtoto ambaye pua yake imezibwa na mafua ya mzio, na tezi za adenoidi zilizo nyuma ya pua, au ambaye mafindofindo yamembana koo, hana budi kuachama. Usiku kucha hewa hupita juu ya meno na mate hukauka. Nayo mate si maji tu: huosha mabaki ya chakula, huzimua asidi itokayo kwa vijidudu vilavyo sukari, na huyarudishia meno madini yake. Mate hupungua usingizini kwa kila mtu. Kwa apumuaye kwa kinywa hupungua zaidi. Ndipo ufizi wa mbele ukawa mwekundu, kinywa kikanuka asubuhi, na matundu yakapata nafasi.

Liko na jambo la taya. Ulimi ukitulia juu, umegusa kaakaa, husaidia taya la juu kutanuka. Kinywa kikiwa wazi ulimi hushuka, taya likabaki jembamba, kaakaa likainuka kama kuba, na meno ya ukubwani yakaota yamepandana. Na kwa kuwa kaakaa ndilo sakafu ya pua, pua nayo hubanwa zaidi.

Matabibu wanayajua haya tangu zamani. Wilhelm Meyer wa Copenhagen aliandika juu ya tezi hizo mwaka 1868. Na mwaka 1976 Christian Guilleminault na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walieleza habari za watoto 8 ambao pumzi zao zilikatika usingizini. Mtoto wa namna hiyo hutoka jasho, hulala ameinua kidevu, pengine hukojoa kitandani. Mchana si lazima asinzie. Wengi huwa hawatulii. Mwalimu wa chuoni huona hahifadhi sura aliyofundishwa jana, akamwita mtundu. Twasikitika kuwa wapo wapigwao kwa sababu ya usingizi ambao hawakuupata.

Wapo pia wapelekwao kukatwa kimio, ati ndicho kiletacho kikohozi na mkoromo. Tuseme wazi: kimio hakizibi pua. Kukikata kumewatoa watoto damu nyingi, kumewatia maambukizi, na wengine kumewaua.

Nyumbani yapo ya kufanya. Chupa ya maziwa matamu au sharubati isilale na mtoto kinywani, na ubuyu usiwe wa kumbembelezea usiku. Mswaki, ambao ni sunna na jina lake tumelirithi kutoka siwaki, uwe tendo la mwisho kabla ya kulala, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi. Udi ni pambo la nyumba zetu, wala hatumwambii mtu auache. Lakini moshi huwasha njia za hewa, basi chetezo kisiingizwe chumbani mwa mtoto akoromaye.

Akikoroma usiku mwingi bila kuwa na mafua, mrekodini kwa simu dakika chache, kifua na uso vionekane. Ikiwa mkoromo hukatika ghafla, kimya kikapita, kisha akashtuka kwa kutweta, msingoje. Kateni shauri siku hiyo hiyo, mwende kliniki iliyo karibu au Hospitali Kuu ya Pwani, iliyo humu humu kisiwani. Mwonyesheni daktari picha hiyo, na muombe aangaliwe pua na koo, si meno pekee. Tezi zikiondolewa wengi hupata nafuu kubwa. Mwenye mwili mzito au kaakaa jembamba huenda akaendelea kukoroma, naye arudishwe kwa daktari.