UKARABATI WA GARI LA RELI LA UMEME KWA AJILI YA MAKUMBUSHO

Katika kazi zote za kuhifadhi vitu vya kale, ukarabati ndio wenye dhamana kubwa zaidi, kwa kuwa fundi mwenye haraka anaweza kufuta kwa siku moja ushahidi uliodumu kwa miaka mingi. Jambo hili linadhihirika vyema katika ukarabati wa magari ya reli ya umeme.

Wakaazi wa Unguja wanaifahamu, walau kwa masimulizi ya wazee, reli ya Bububu ya mwanzoni mwa karne ya 20, ambayo treni yake ilivutwa kwa mashine ya mvuke. Katika zama hizo hizo, huko Marekani ilienea reli ya aina nyingine. Magari yake hayakuhitaji kuvutwa, kwani kila gari lilikuwa na mota zake chini ya sakafu, nalo lilipokea umeme kutoka waya uliopitishwa juu ya njia, kwa mti mrefu ulioinuliwa kutoka kwenye paa. Reli hizo ziliunganisha miji na vijiji, hadi ziliposhindwa na mabasi na motokaa. Njia nyingi zilifungwa na magari yake yakavunjwa na kuuzwa kuwa chuma chakavu.

Mnamo mwaka 1931 kampuni ya Indiana Railroad ilipata magari 35 ya mwendo wa kasi, ambayo yalikuwa mepesi kwa kuwa alumini ilitumika kwa wingi katika kuyaunda. Kampuni hiyo ilipofunga njia zake mwaka 1941, magari mawili yalinusurika kwa kuwa yalinunuliwa na kampuni nyingine. Gari namba 65 lilipelekwa jimbo la Iowa na kubeba abiria hadi mwaka 1953. Mwaka huo huo watu kumi walichanga dola 100 kila mmoja na kulinunua. Mchango huo ndio uliozaa Illinois Railway Museum, makumbusho ambayo tangu mwaka 1964 yapo katika mji mdogo wa Union, jimbo la Illinois. Gari namba 55 lilichukuliwa na kampuni ya Lehigh Valley Transit ya Pennsylvania, iliyolifanyia mabadiliko na kulipa namba mpya, 1030. Njia yake ilipofungwa mwaka 1951 lilihifadhiwa na Seashore Trolley Museum ya jimbo la Maine.

Hapo ndipo linapojitokeza swali la kwanza la ukarabati: gari lirudishwe katika sura ya mwaka upi? Gari namba 65 limepakwa rangi ya chungwa ya kampuni yake ya awali. Namba 1030, kwa upande wake, limeachwa na sura na namba ya mmiliki wake wa pili. Maamuzi yote mawili ni sahihi. Kulirudisha namba 1030 kuwa namba 55 kungelazimu kung'oa mambo yaliyofanywa na mafundi wa mwaka 1941, ambayo nayo sasa ni sehemu ya historia.

Baada ya uamuzi huo hufuata uchunguzi. Gari hupigwa picha na kupimwa kila upande kabla ya kitu chochote kufunguliwa, na kila kinachofunguliwa hutiwa kibandiko cha namba. Rangi hukwanguliwa mahali padogo, tabaka baada ya tabaka, ili kufahamu gari lilipakwa rangi gani na kwa mfuatano upi. Kazi hii yataka hadhari, kwa kuwa rangi za zamani mara nyingi zina madini ya risasi, na vizuizi vya joto huweza kuwa na asbesto. Vumbi la vitu hivyo hudhuru afya.

Hali kadhalika, bodi hukaguliwa ili kubaini palipoliwa. Alumini inapogusana na chuma mahali penye unyevu, alumini huliwa, na uharibifu hujificha nyuma ya mabati. Ubao uliooza hukatwa sehemu iliyooza tu na kuungwa ubao wa aina ile ile, ili uliobaki mzima usitupwe.

Mota nazo zina utaratibu wake. Nyaya za zamani zilizungushiwa pamba na kupakwa vanishi, vitu ambavyo hunyonya unyevu gari likikaa miaka mingi bila kutumika. Mota ya namna hiyo ikiungwa moja kwa moja na umeme wa volti 600 huweza kuungua papo hapo. Kwa hiyo hufunguliwa, hupimwa, hukaushwa kwa joto la taratibu na kupakwa vanishi upya. Ikibidi, nyaya zake husukwa upya. Breki za upepo hujaribiwa gari likiwa limesimama, kwani gari lisiloweza kusimama halina ruhusa ya kuondoka.

Aidha, kila sehemu mpya huandikwa katika daftari la gari: nini kimebadilishwa, lini, na kwa sababu gani. Bila ya daftari hilo, mtazamaji wa kizazi kijacho hatoweza kutofautisha kazi ya mwaka 1931 na kazi ya juzi.

Lakini kabla ya yote hayo linatakiwa banda. Gari lililopakwa rangi vizuri na kuachwa kwenye mvua litadai kazi ile ile tena baada ya miaka michache, ilhali gari chakavu lililo chini ya paa zuri linaweza kumsubiri fundi wake.

Kanuni hizi zinafaa pia kwa mwananchi aliyerithi kasha la njumu, mlango wa nakshi au saa ya ukutani. Ni vyema kukiweka kitu hicho mahali pakavu, kukipiga picha, na kuandika habari zake kutoka kwa wazee wangali hai. Msasa na rangi vinaweza kungoja. Mzee na mvua havingoji.