Paka wa Uani na Wanawe

Katika vichochoro vya Mji wa Kale wa Lamu, paka ndio wenye njia. Wamejilaza vibarazani, na wavuvi wakishusha samaki, wao wameshafika. Wengi hawana mwenyewe. Basi mmoja wao, jike la rangi tatu, alianza kupita uani kwa jirani yangu, na binti wa nyumba ile akatamani kumkamata.

"Paka hakamatwi, mjukuu wangu," bibi yake akamwambia. "Mwekee chakula, kaa mbali, usimkodolee macho."

Bibi alijua. Paka akikaziwa macho huona anatafutwa ugomvi. Ukifumba na kufumbua taratibu, hutulia. Binti akawa anaweka vichwa vya samaki vilivyochemshwa bila chumvi wala kitunguu, maana kitunguu ni sumu kwa paka, pamoja na maji safi. Mwanzoni paka alikula watu wakishaondoka. Baadaye alikula binti akiwa amekaa mlangoni. Hatimaye akaja mwenyewe, akamsugua shavu mguuni. Hivyo ndivyo paka anavyokupaka harufu yake, ahesabu kuwa wewe ni wa kwao.

Tumbo lake likazidi kukua. Paka hubeba mimba kwa muda wa miezi miwili hivi, na huyu siku zake zilipotimia alijificha stoo, nyuma ya magunia, akazaa watoto wanne.

Wanangu, laiti mngewaona! Mtoto wa paka huzaliwa na uzito wa gramu 100 hivi, macho yamefumba, masikio yameziba. Haoni, hasikii, lakini pua yake inamfikisha kwenye chuchu. Akishaipata, hukandakanda tumbo la mama kwa vikono vyake, huku na huku, maziwa yashuke. Hata haja hawezi kwenda peke yake. Mama humlamba chini ya mkia ndipo atoe. Tena hana joto la kumtosha, na baridi inaweza kumuua.

Binti alitaka kuwahamishia chumbani. Bibi akakataa, kwa kuwa mama akisumbuliwa huwabeba wanawe kwa ngozi ya shingo, mmoja mmoja, akawafiche pengine. Wakaweka tu boksi lenye kanga kuukuu karibu yake, wakamwachia uamuzi. Usiku ule akahamia mwenyewe.

Nanyi fanyeni hivyo. Mlisheni mama kwa wingi, kwa sababu anayenyonyesha ana njaa kubwa. Watoto msiwape maziwa ya ng'ombe, yatawaharisha. Macho yatafumbuka kati ya siku ya 7 na ya 14. Hapo mama akiwa ameshawaridhia, washikeni kidogo kidogo ili wawazoee watu. Wakifika wiki 4 wataanza kuonja chakula laini, lakini msiwatenge na mama yao kabla ya wiki 8. Na paka yeyote akikuuma au kukuparura, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, mwambie mtu mzima, mwende hospitali siku hiyohiyo. Kichaa cha mbwa huwapata paka pia.

Jambo moja zaidi: paka anaweza kushika mimba nyingine akiwa bado ananyonyesha. Watoto wakishaacha ziwa, waombeni wazazi wampeleke mama kwa daktari wa mifugo afungwe kizazi.