Tairi Linalokwangua na Shokapu Inayogonga: Namna ya Kulichunguza Gari Lililonyanyuliwa Kabla ya Kumlipa Fundi

Katika barabara za Nambis, na kwingineko Mbulu na Hanang, gari dogo halikai muda mrefu kama lilivyotoka kiwandani. Mwenye Noah huinyanyua kwa kuweka spesa juu ya shokapu ili tumbo lisiguse mawe. Mwenye Probox hufunga springi nzito nyuma ili ibebe magunia ya ngano na vitunguu. Mwenye pikapu huongeza majani ya springi, kisha hununua rimu pana na matairi makubwa ili asikwame msimu wa mvua. Mabadiliko hayo yana sababu za msingi, nasi hatumlaumu anayeyafanya. Lakini baada ya wiki chache gari huanza kukwangua likikata kona au kugonga likipita kwenye mashimo. Mara nyingi mwenye gari huambiwa kwamba shokapu zimekufa. Hununua nyingine, hulipa ufundi, na sauti hubaki palepale.

Lengo la makala hii ni kumsaidia mtumiaji kujua sauti inatoka wapi kabla hajafungua pochi. Kazi kubwa ya uchunguzi huu haihitaji vifaa vya gereji. Inahitaji macho, mikono, kipande cha chaki na mtu wa pili wa kushika usukani.

Anza kwa kuliosha gari, hasa ndani ya madigadi na upande wa ndani wa rimu. Ushauri huu unaweza kuonekana mwepesi mno, lakini udongo wa nyanda hizi ukilowa hunata, hujaa juu ya tairi na kisha hukauka ukawa mgumu kama tofali. Tairi lililokuwa na nafasi ya vidole vitatu hubakiwa na nafasi ya kidole kimoja. Tope lililoganda ndani ya rimu, nalo, huharibu mizania ya gurudumu na kuutetemesha usukani mara gari linapofika kwenye lami ya Babati–Singida na kuongeza mwendo. Wapo watu waliokwisha kununua vipuri kwa tatizo ambalo ndoo mbili za maji zingelimaliza.

Ikiwa sauti inaendelea baada ya kuosha, jiulize inatokea lini. Kukwangua na kugonga ni mambo mawili tofauti, na fundi asiyeyatofautisha atabahatisha. Kukwangua ni sauti ya mpira ukisuguana na plastiki au bati: hukokota, hufuata mzunguko wa gurudumu, na huacha alama. Kugonga ni chuma au mpira uliochoka ukipiga mahali: hutokea mara moja kwa kila shimo, na pengine hauoni alama yoyote kwa nje.

Kwa kukwangua, paka chaki kwenye mabega ya tairi, yaani pale uso unapokutana na ubavu, upande wa nje na wa ndani. Endesha polepole mahali tambarare, kata usukani mpaka mwisho kulia, kisha kushoto, halafu simama utazame. Chaki iliyofutika inaonyesha sehemu ya tairi inayogusa, na mahali ilipohamia ndipo panapoguswa. Asiye na chaki atumie vumbi lenyewe: ndani ya madigadi yenye vumbi, sehemu inayong'aa ndiyo inayosuguliwa. Rudia jaribio gari likiwa na mzigo wake wa kawaida. Noah ikiwa tupu huweza kupita jaribio vizuri kabisa, kisha ikaanza kukwangua siku ya mnada ikiwa imejaa watu na mizigo, kwa sababu hapo mwili wa gari umeshuka na nafasi imekwisha.

Ikigusa wakati wa kukata kona tu, chanzo kwa kawaida ni upana wa tairi au rimu iliyotoka nje mno. Ikigusa kwenye matuta gari likiwa limebeba, chanzo ni urefu wa tairi, au springi zilizolegea.

Hapa hesabu kidogo itakuokoa na hasara. Noah nyingi hutumia tairi lililoandikwa 195/65R15. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, na ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ukifunga 215/65R15, kipenyo chote kinapanda kutoka takriban milimita 634 hadi 660. Maana yake tairi limesogea milimita 13 kuelekea madigadi, na upana umeongezeka milimita 20, yaani 10 kila upande. Hata kipima mwendo hupotoka: kikisoma 80, gari linaenda kilomita 3 hivi zaidi kwa saa kuliko lingeenda na matairi ya awali.

Rimu nayo ina namba yake. Tazama nyuma yake utaona herufi ET zikifuatwa na tarakimu, mathalani ET50. Tarakimu hiyo ikipungua, gurudumu linatoka nje. Ukitoka ET50 kwenda ET35 umelisukuma nje milimita 15. Ukijumlisha na tairi pana la hapo juu, bega la nje limetoka milimita 25. Gurudumu lililotoka hivyo huchora duara kubwa zaidi linapokata kona, ndiyo maana hufikia bampa mbele au ukingo wa madigadi nyuma yake. Muulize muuzaji wa rimu namba hii. Muuzaji asiyeijua anakuuzia rimu kwa sura yake tu.

Jambo moja huwashangaza wengi: kunyanyua gari hakutibu kila msuguano. Kwenye magari ambayo shokapu na springi za mbele zimefungwa pamoja, spesa ya juu huinua mwili wa gari, lakini shokapu bado imeshikana na gurudumu. Kwa hiyo, ikiwa tairi kubwa linasugua kikombe kinachokalia springi, hata ukiweka spesa mbili litaendelea kusugua. Dawa ni kurudi kwenye saizi sahihi ya tairi, au rimu yenye ET inayofaa. Nayo madigadi kukunjwa kwa nyundo, au plastiki ya ndani kukatwa, ni hatua ambayo hatuishauri mpaka vipimo vya tairi na rimu vimehakikiwa, kwa kuwa bati likishakatwa halirudi, na maji na tope hupata njia ya kuingia kwenye nyaya.

Sasa kugonga. Tafuta barabara yenye mawe madogo madogo uende taratibu, dirisha likiwa wazi. Mlio mwepesi wa haraka, tak-tak-tak, kwenye vijishimo vidogo mara nyingi hutoka kwenye linki za stabilaiza au bushi zake, nazo ni bei ndogo ukilinganisha na shokapu. Kishindo kizito kimoja kwenye shimo kubwa kinaelekeza kwenye bushi za mkono wa chini, ambao mafundi huuita loa amu, au kwenye boli jointi. Mlio wa kukatika-katika unapokata kona huku ukikanyaga mafuta hutoka kwenye kiungio cha shafti, yaani sivii. Tazama kama mpira wake wa vumbi umepasuka na kutapika grisi. Mvumo unaopanda kadiri mwendo unavyopanda ni beringi ya gurudumu, au ni tairi lililolika vibaya.

Gari likiwa limesimama, mwenzako azungushe usukani nawe uweke kiganja juu ya springi ya mbele, vidole vikiwa nje ya mapindo yake. Springi ikiruka kwa kishindo badala ya kuzunguka pamoja na shokapu, maunti ya juu imekwisha au spesa haikukaa sawasawa. Kisha bonyeza kona moja ya gari kwa uzito wako wote na uachie. Gari likipanda na kutulia, shokapu inafanya kazi. Likicheza mara tatu au nne, imechoka. Mafuta yanayotiririka kwenye mwili wa shokapu ni ushahidi wa wazi. Vumbi lililoshikana kidogo tu si ushahidi wa kutosha.

Gari lililonunuliwa mjini likiwa limeshushwa kwa kukata springi lina ugonjwa wake. Springi fupi huachia kikalio chake gurudumu linaponing'inia, kisha hurudi kwa kishindo. Hiyo haitengenezwi. Rudisha springi nzima.

Yapo mambo manne ambayo, ukiyaona, usiendelee na safari. La kwanza ni nyuzi za ndani zinazoonekana kwenye ubavu wa tairi lililosuguliwa. La pili ni boli jointi inayocheza ukiipenyezea mtaimbo, kwani ikichomoka gurudumu hulala na usukani haufanyi kazi tena. La tatu ni nati za gurudumu zilizolegea, hasa pale palipowekwa spesa kati ya rimu na habu. Nati hizo zikazwe kwa spana yenye kipimo, ambacho kwa Toyota nyingi ndogo ni takriban nyutoni-mita 103, na zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. La nne husahaulika zaidi: bomba la mpira la breki. Gari likinyanyuliwa, gurudumu linaponing'inia bomba hilo huvutwa kuliko lilivyopimwa kiwandani. Anayeshuka mlima Magara na abiria akiwa na bomba lililokaza kama kamba ya gitaa hana nafasi ya pili. Mwambie fundi alinyanyue gari mpaka magurudumu yaning'inie, kisha mtazame pamoja kama bomba bado lina ulegevu, usukani ukiwa umekatwa pande zote.

Uchunguzi wowote wa chini ya gari ufanyike mahali tambarare, magurudumu yakiwa yamewekewa kabari na mwili ukiegemezwa kwenye stendi au magogo imara. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Ukishajua sauti inatoka wapi, nenda gereji ukiwa na maelezo: inatokea lini, upande upi, gari likiwa na mzigo gani. Makubaliano yaandikwe, pamoja na jina na saizi ya kila kipuri. Dai kipuri cha zamani na risiti ya kielektroniki. Baada ya kunyanyua au kushusha gari, pima alaimenti, hata kama itakulazimu kwenda Babati au Arusha, kwani pembe za magurudumu zimebadilika na matairi mapya yanaweza kulika upande mmoja kwa muda mfupi. Mjulishe pia mtoa bima wako juu ya mabadiliko hayo, na uhifadhi majibu yake kwa maandishi.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha au kumdanganya mlaji. Aliyeuziwa kipuri bandia kwa jina la halisi, au aliyetozwa fedha za kazi isiyofanyika, aanze kwa kumlalamikia muuzaji au fundi kwa maandishi. Asiposikilizwa, apeleke malalamiko Tume ya Ushindani akiwa na risiti, maelewano yaliyoandikwa, picha na kile kipuri chenyewe. Kwa hiyo usikitupe.