Je, Wajua? Theremini na mwangwi wa kanda

Theremini, ala iliyobuniwa na Mrusi Leon Theremin yapata mwaka 1920, hupigwa bila kuguswa: mkono mmoja hupandisha na kushusha noti, mwingine hukuza au kupunguza sauti. Ikiachwa peke yake hulia kama mluzi mwembamba. Jimmy Page wa bendi ya Led Zeppelin aliipitisha kwenye Echoplex, mashine inayorekodi sauti kwenye kanda na kuirudia papo hapo, hivyo akipunga mkono mara moja tu, milio ilifuatana na kupandana. Mwangwi pia husitiri mkono unaotetemeka (wanagenzi wanalijua sana hili!). Mwaka 2014 kampuni ya Moog ilitoa theremini yenye mwangwi ndani yake, pamoja na kitufe cha kuzungusha kinachorudisha noti zilizopotoka.