Je, Wajua Kuwa Video Husafiri Bila Sehemu Kubwa ya Picha Zake?

Video ya kawaida ya simu ina nukta 1920 kwa 1080. Kila nukta ikielezwa kwa biti 24, na picha 25 zikipita kila sekunde, sekunde moja inazaa biti bilioni 1.24, na dakika moja inapita GB 9. Bando la siku lingekata kabla salamu hazijaisha. Hata hivyo bibi wa Boko Magengeni, Dar es Salaam, anaweza kuongea na mjukuu wake aliyeko Mwanza, wakaonana uso kwa uso, kwa chini ya biti milioni moja kwa sekunde. Kwanza simu hupunguza ukubwa wa picha. Kisha huanza kazi ya kuacha vitu.

Rangi ndiyo hutangulia kupunguzwa. Jicho la binadamu hutambua mwanga na kivuli vizuri kuliko rangi, hivyo nukta nne zinazopakana hugawana rangi moja. Mzigo unapungua nusu, na hakuna anayegundua.

Hatua inayofuata ina mwenyewe, na ningependa watoto wetu wamjue: Nasir Ahmed, mhandisi mzaliwa wa India. Mwaka 1972 aliomba fedha Marekani ili achunguze namna ya kuieleza picha kwa mawimbi ya hisabati, akanyimwa. Hakuacha. Mwaka 1974 yeye na wenzake, Natarajan na Rao, walichapisha njia hiyo. Picha hukatwa vipande vidogo, kila kipande kikaelezwa kwa mawimbi, na yale mawimbi madogo ambayo jicho haliyahisi hutupwa. Picha za JPEG, ving'amuzi vya televisheni vilivyoenea Dar es Salaam mitambo ya analojia ilipozimwa tarehe 31 Desemba 2012, na video nyingi za simu hutegemea hesabu hiyo au ndugu zake.

Lakini akiba kubwa zaidi hutoka kwenye muda. Simu hutuma picha kamili mara chache tu. Zinazofuata hueleza kilichobadilika, kama mwalimu anayeandika watoro na kuwaacha waliohudhuria. Ukuta ulio nyuma ya bibi hautumwi tena na tena. Akipita mtu na ndoo, programu haiichori ndoo upya, huandika tu kwamba kipande kile kimesogea kulia. Ndiyo maana taarifa kidogo zikipotea njiani sura huvurugika, ikabaki hivyo mpaka picha kamili nyingine ifike au mabadiliko yaifute.

Hapa kuna jambo la kumfaa kila anayeongea kwa video mtandao ukiwa mdogo: washa taa. Gizani kamera hujaza picha chenga, na chenga hubadilika kila mara. Programu huziona kuwa ni habari mpya, ikazitumia biti ambazo zingeupa uso sura safi. Simu iegemezwe mahali pia, kwa sababu mkono ukitikisika picha nzima inasogea.

Mtandao ukizidi kubana, sauti ipewe nafasi kwanza. Opus, mfumo wa kubana sauti uliosanifishwa mwaka 2012, unaweza kubeba maneno kwa biti 6,000 tu kwa sekunde. Mgonjwa akimweleza daktari kwa video anapoumia, maneno yake yana thamani kuliko sura inayokwamakwama, na programu inayong'ang'ania picha hadi sauti ikatike imetengenezwa vibaya.

Kwa filamu, isiyohitaji jibu la papo hapo, kuna njia nyingine kabisa. Flashi ya GB 32 iliyojaa, ikibebwa kwa bodaboda kutoka Mwenge hadi Boko kwa saa moja, imesafirisha wastani wa biti milioni 71 kwa sekunde, kwa nauli tu. Kwa mwenye bando dogo anayetaka tamthilia nzima, kibanda cha kuwekea muvi kwenye flashi bado ni njia ya kasi.